Karatasi Saba za Mzee Chola

Élisabethville, Quartier Albert
14 Oktoba 1951

Kwa shemeji yangu Chomba, mwana ya Mzee Chola, kule Pweto

Shemeji,

Hii barua mwalimu Symphorien atakusomea pole pole, na pale nimeandika vibaya asicheke. Mi nilisoma miaka mbili tu kwa bamisioni na moja kwa mwalimu wa Korani, halafu mukono yangu ikapenda sindano kupita kalamu.

Niko muzima, tena muzima sana. Jina yangu inazunguka muji yote. Juzi madamu moja wa kule ku Golf alituma boyi wake na patalo tatu za bwana wake, akasema fundi wa mujini alizikata vibaya, Amisi peke yake anaweza kuziponyesha. Nikaziponyesha. Leo ule muzungu anatembea mu biro yake na matako yenye nilichora mimi. Nilifika Ndola, nilifika Mokambo, nilifika Kasongo kwa bababu zangu, nilionaka bafundi ya kila rangi. Hakuna mwenye anapiga kola sawa yangu.

Sasa nikuambie kitu yenye ilinikamatisha kalamu.

Dada yako Mwajuma alikuja hapa mwezi wa saba, nyuma ya matanga ya Mzee. Mbele ya pale alikaa kwenu miaka yote, juu kiwanja yangu ilikuwa kidogo, na Mzee hakutaka binti yake aende mbele macho yake yajifunge. Mi nilikuwa nakuja kila kiangazi na nguo, narudia na samaki. Wewe unajua, Pweto yote inajua. Lakini leta, ile serikali ya bazungu, haijue.

Leta imetoa sheria. Toka mwanzo wa huu mwaka hakuna muntu wa cité, mitaa ya sisi beusi, ataoa bibi wa pili. Mwenye alikuwa nao babili mbele ya pale anaweza kubakia nao, lakini alete ushuhuda. Karani alifungua buku yangu, akaona jina ya Habiba, bibi yangu wa kwanza, peke yake, akauliza: "Na huyu mwingine umemuokota wapi?" Nikamwambia nilimuoa mwaka wa 1943, baba yake alikamata mikono yangu ndani ya mikono yake. Akanijibu mikono haina muhuri.

Anataka karatasi ya kodi. Unakumbuka, kila mwaka nilimuachia Mzee kodi ya bibi wa pili, naye alikuwa analipa yake na ya Mwajuma siku moja, kule ku posta ya leta Pweto. Karani wa kule aliandika majina mbili ku karatasi moja: Chola, na chini yake Mwajuma, bibi wa pili wa Amisi. Toka 1944 mpaka 1950, karatasi saba. Mzee alizichunga mu kopo ya biskuti yenye sura ya malkia, na Mwajuma anasema ile kopo ndiyo alikuwa analalia kichwa.

Nitumie hizo saba tu. Kama zimefika mbele ya mwaka kwisha, Mwajuma ataandikwa mu buku yangu na tutalala. Kama hazifiki, batamupakia mu kamyo na kumurudisha kwenu sawa kifurushi yenye ilikosea njia. Mi nacheka wakati naandika, lakini Habiba hacheke, na unajua Habiba anachekaka hata ku matanga.

Habiba na Mwajuma banakusalimia. Banapika mu chungu moja, banagombana juu ya chumvi, halafu banapatana juu ya kunicheka mimi.

Amisi Fundi
tailleur ya bakubwa, bwana ya bibi babili


Pweto, 3 Novemba 1951

Kwa shemeji Amisi,

Ni mimi Chomba ninayesema, na mwalimu Symphorien ndiye anayeandika.

Barua yako ilifika kwa mashua ya Kasenga, imelowa pembeni, lakini imesomeka. Tulicheka sana juu ya yule Mzungu na patalo lake. Mwalimu alisoma mahali hapo mara mbili, kisha akajifanya anakohoa.

Kuhusu karatasi, uwe na subira kidogo. Baada ya matanga vitu vya Mzee viligawanywa: nyavu kwangu, shoka kwa mjomba, mikeka kwa wanawake. Kopo halikuonekana katika mgao. Labda limebaki kwa shangazi yetu ng'ambo ya ziwa. Nitauliza. Mvua zimeanza na ziwa limechafuka, hakuna anayevuka siku hizi bila shida kubwa.

Nilikwenda pia posta ya leta. Karani wa huku akafungua buku kubwa, akakuta: Chola amelipa, na bibi wa mkwewe mmoja amelipiwa. Jina halimo. Alisema jina huandikwa kwenye karatasi ndogo tu, nayo haitolewi mara mbili kwa mtu yeyote.

Wewe unafahamiana na wakubwa wote wa Élisabethville. Hakuna mmoja wa kukusemea neno?

Msalimie dada yangu. Mwambie nyavu za Baba bado nzima.

Chomba

Mimi mwandishi naongeza mstari: alipokuwa ananiambia habari ya shangazi, Chomba alikuwa anatazama nje ya mlango. Mimi naandika ninachoambiwa. — Symphorien


Élisabethville, 21 Novemba 1951

Shemeji Chomba,

Shangazi yenu wa ngambo ya ziwa alikufa wakati Mwajuma alikuwa na meno ya maziwa. Ni Mwajuma mwenyewe aliniambia. Nilimusomea barua yako, akacheka kidogo. Toka pale anaosha sahani zenye zilishaoshwa.

Uliniuliza juu ya bakubwa benye banajua jina yangu. Nilienda kwa ule muzungu wa patalo. Nilisimama ku mulango ya nyuma na kofia mu mikono. Akatoka, akaniangalia, akauliza boyi wake huyu ni nani. Patalo yangu alikuwa ameivaa.

Nikasema basi, nitaanzia chini. Nilimushonea karani patalo bila kumupima, na jicho tu, vile anakaa ku kiti. Ikamukaa muzuri kabisa. Alijigeuza huku na kule mu biro, akanishukuru, akasema: "Na karatasi?"

Halafu akamwita Habiba. Alimuuliza kama anamujua huyu mwanamuke. Habiba akamujibu: "Ni mwenzangu. Mwaka nilipoteza mimba, yeye alitoka Pweto kuja kunipikia. Andika hiyo." Karani hakuandika. Alisema neno ya bibi wa kwanza haina nguvu, juu anaweza kuwa anasema kwa kuogopa bwana. Shemeji, kama kuko muntu mu hii nyumba mwenye anaogopaka, si Habiba.

Juzi asubuhi polisi balipita kiwanja kwa kiwanja. Mwajuma aliingia chini ya meza yangu ya kukatia, nikafunika meza na kitambaa nyeusi ya costume ya harusi, nikaendelea kukata sawa hakuna kitu. Balisimama pale mulangoni kuongea juu ya mvua. Nilikata mukono ya kushoto, nikakata tena ya kushoto. Sasa kuko bwana harusi moja mu hii cité atamukamata bibi yake na mikono mbili za upande moja.

Chomba, mi si muntu ya kukasirika. Kama panya balikula, sema. Kama uliuza kopo ujinunulie kitu, sema, nitakusamehe hata mbele ya kufika ku mwisho ya barua. Lakini sema. Ninamuona dada yako vile anasikiliza kila mara mulango inalia.

Nakutumia shati. Kola uiangalie vizuri.

Amisi Fundi
bwana ya bibi babili


Pweto, 8 Desemba 1951

Shemeji,

Shangazi hayupo, umesema kweli. Nilidanganya kwa sababu nilitafuta namna ya kuisema kweli yenyewe nikakosa.

Kopo liko pamoja na Mzee.

Nisikilize mpaka mwisho. Zamani, wakati kodi ilikuwa medali ya shaba ya kufunga shingoni, Mzee alipoteza yake ziwani akivuta wavu. Alikuwa amelipa, kijiji kizima kilimwona akilipa. Askari wakakuta shingo tupu. Wakamfunga kamba pale pale medali ilipokuwa inakaa, wakampeleka kutengeneza barabara. Aliporudi, mtoto aliyenifuata mimi alikuwa amekwisha kuzikwa, na Mama hakutaka jina lake litajwe tena nyumbani. Tangu hapo, medali zilipokwisha na karatasi zikaja, Mzee hakwenda mahali bila karatasi zake, hata kuoga. Wewe mwenyewe ulimcheka siku ile alipoogelea amezishika kwa meno. Naye alicheka, lakini hakuziachia.

Siku aliyokufa aliniita nisogee. Alisema: "Chomba, usiniache niende mikono mitupu. Huko nako kuna askari."

Mimi sisomi. Kwangu mimi zile zilikuwa karatasi za Baba, zina muhuri, zina harufu ya kichwa chake. Nani angeniambia kwamba jina la dada yangu limo ndani? Mwalimu alikuwa amekwenda misioni kwa mafungo. Wazee wakasema, mpe zote, asije akakosa hata moja. Kaburini, wanawake wakiwa wamebaki nyumbani, nikaweka kopo chini ya mkono wake wa kuume, nikakunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja. Nilijiona mtoto mwema siku ile. Watu walinisifu.

Sasa unaniuliza kopo liko wapi. Liko hapo. Wewe niambie mtu anafikaje hapo.

Usimsomee Mwajuma hii.

Chomba

Bwana Amisi, ningekuwapo siku ile ningesoma majina kabla ya kaburi kufunikwa. Sikuwapo. — Symphorien


Élisabethville, 23 Desemba 1951

Shemeji Chomba,

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Ile siku Habiba aliniuliza kama naumwa.

Sisi Baislamu tunazika muntu na sanda tu, hata pete tunaitoa. Nilitaka kukuandikia ile, kukuonyesha akili. Nikaacha. Mi pia nilimujua Mzee. Alinipa binti yake bila kusumbua, na samaki alinipimia mara mbili asinizidishie bei.

Nilimuuliza karani kama kuko njia ingine. Alisema anaweza kusukuma mwisho mpaka Januari yote, ndio shukrani ya patalo. Nyuma ya pale, hapana.

Sasa nitasema neno, na kama unataka kunitukana, unitukane kwa mukono ya mwalimu, anaandikaka vizuri. Fungua. Fungua kidogo tu, pale ku mukono ya kuume. Toa hizi saba, juu ndizo ziko na jina ya Mwajuma. Zile za zamani, za Mzee peke yake, umuachie zote. Ziko mingi, zitamutosha. Ni binti yake, Chomba. Kama angekuwa muzima angezibeba na meno yake mpaka Élisabethville.

Usifikiri sijue kitu yenye nakuomba. Naijua. Nimekaa nayo hapa mbele ya mashini tangu asubuhi na sijashona hata pindo moja.

Mwajuma anakusalimia. Amekaa tu, hana kazi mingi siku hizi. Habiba anamupelekea chakula.

Amisi Fundi
bwana ya bibi babili


Pweto, 12 Januari 1952

Bwana Amisi,

Yesu asifiwe, ingawa najua wewe unasali kwa njia yako. Leo naandika mwenyewe. Chomba hataki kuongea. Ameniambia tu: "Mwandikie zimetoka."

Alifanya mchana, jua likiwa kali, wakati kijiji kizima kilikuwa ufukoni kwa mashua ya Mgriki mnunuzi wa samaki. Alikuwa peke yake na jembe. Nilimwona akirudi kwa njia ya nyuma, nikajua, maana alikuwa anasema kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba radhi mlangoni kwa watu. Kopo lilikuwa limeoza upande mmoja. Lilimkata kiganja alipokuwa anakunjua vidole. Neno hilo nilitaka kulifuta, nimeliacha.

Nimesoma majina. Zote saba zimo, na jina la Mwajuma liko wazi isipokuwa katika moja iliyoingia maji. Za zamani amemrudishia Mzee kama ulivyosema. Hizi saba nimezifunga katikati ya samaki wakavu, ili watu wa mashua wasiulize harufu ni ya nini. Mimi ninayewafundisha watoto amri za Mungu.

Majirani wameona udongo mpya. Hawaji tena kuomba moto kwa Chomba.

Symphorien


Élisabethville, 27 Januari 1952

Shemeji Chomba, shemeji ya kweli,

Zimefika. Samaki nimewapa paka, wala paka hawakutaka. Karatasi nilizitandika kati ya vitambaa na kuzipitisha pasi yenye moto kidogo, moja moja, sawa kola ya Gavana. Halafu nikavaa costume yangu, nikavaa kofia, nikaenda ku biro.

Karani alizikamata na ncha ya vidole, akafungua dirisha. Akasoma. Akasoma tena. Akasema: "Kweli, ulikuwa naye." Shemeji, bantu benye balikuwa ku mustari nyuma yangu balinipigia mikono. Mi nilitoa kofia sawa muchezaji wa sinema. Habiba nilimukuta ku njia, alishindwa kungoja nyumbani. Alicheka mpaka akakaa chini ku vumbi na nguo yake ya siku ya Idi.

Sasa nikuambie kitu nilikuficha. Nilikuandikia Mwajuma amekaa tu. Alikuwa amekaa mu kasho, jela ya polisi. Polisi balimukamata mbele ya Noeli bila kungoja neno ya karani, alienda soko kununua chumvi. Sikutaka ujue, nilifikiri utakasirika na mi na utakataa. Halafu mwanzo ya huu mwaka balimupakia mu kamyo ya Kasenga, pamoja na banamuke bengine. Nilikimbia nyuma, nikamurushia shuka. Hakulia. Aliniambia nisikimbie hivyo, patalo yangu itapasuka.

Kwa hiyo sasa atakuwa amefika kwenu. Mwambie apande mashua ya kwanza. Karani amechunga karatasi mu meza yake, na alisema hivi: mwanamuke asimame mbele yake, karatasi ziwe pale ku meza, siku moja, mbele ya Februari kwisha. Hapo ataandika. Nyuma ya pale mulango inajifunga.

Pole kwa mukono. Osha na maji ya chumvi. Nakushonea koti.

Amisi Fundi
bwana ya bibi babili, na sasa leta inajua


Pweto, 9 Februari 1952

Bwana wangu Amisi,

Mimi Mwajuma ninasema, mwalimu anaandika. Nimemwambia asinipambie maneno.

Nilipofika nilikuta kwa kaka hakuna moto, na hakuna jirani aliyetaka kunipa. Nilidhani ni kwa sababu nimefukuzwa mjini. Ni mwalimu aliyenieleza, amesimama, mkono mdomoni. Njiani kote nilikaa juu ya magunia nikisema ni leta tu iliyonitenda. Sikujua kwamba siku zile zile kwetu wanafungua kaburi la baba yangu kwa ajili yangu. Hakuna aliyeniuliza.

Nimejaribu kukukasirikia. Nimeshindwa, kwa sababu najua ulinitaka, na sijaona mtu aliyetakwa namna hiyo.

Lakini sikiliza habari ya kaka. Mkono umevimba mpaka begani, kiganja kimekuwa cheusi. Muuguzi wa leta amempiga sindano na kusema tumechelewa. Labda atafika mwezi wa tatu, hatavuka. Chomba anaongea na watu nisiowaona. Anasema Baba amesimama barabarani, kwenye kizuizi. Anawapa askari karatasi za zamani, nao wanazisukuma pembeni. Wanamwambia: "Hizi tumeziona. Lete za mwisho." Hafiki mbali zaidi ya hapo. Akinyamaza kidogo anaanza tena, na ananiomba mimi nizilete, kwa sababu anadhani nimezishika mkononi.

Mimi sijui kama huko kuna askari. Wewe utasema hakuna, mwalimu pia anasema hakuna. Ila Baba alikufa ametulia, nilimwona uso wake, na alitulia kwa sababu ya lile kopo.

Mashua iko ufukoni. Itabeba barua hii, itarudi mara moja tu kabla mwezi haujageuka. Nahodha amekubali kuniweka mimi sasa hivi, nikitaka. Nimemwambia aende bila mimi, angoje neno lako huko Kasenga. Ukituma neno kwamba nije, ataliwahisha, nami nitajitafutia gari lolote. Mimi ni mke wako, nitasimama mbele ya karani na nitasema ndiyo. Lakini karatasi zitakuwa huko, na kaka atakufa akimwona Baba amesimama. Ukizituma kwa mashua hiyo tumrudishie Baba kaburini, najua maana yake. Hutaniandikisha tena.

Chagua wewe. Mimi nimechoka kuchaguliwa na makarani, ukichagua wewe nitakubali.

Mwambie Habiba chumvi yake ilikuwa inatosha.

Mwajuma


Élisabethville, 20 Februari 1952

Mwajuma,

Nilimusomea Habiba barua yako. Alisikiliza mpaka pale ya chumvi, halafu akaenda nyuma ya nyumba.

Asubuhi nilienda ku biro. Nilimuomba karani anirudishie karatasi. Aliniambia: "Ukizitoa hapa, huyu mwanamuke si wako, na sitafungua hii kazi mara ya pili." Alisema pia nisimuombe tena karatasi ya njia ya kuja Pweto, juu sina bibi kule. Nikamwambia nimesikia. Akaniangalia mpaka ku viatu, akasema mi ni mujinga. Nikakamata karatasi zote saba, nikavaa kofia, nikatoka.

Nimezipiga pasi tena. Ile ya 1950 ndiyo jina yako iko wazi kupita zote: Chola, na chini yake Mwajuma, bibi wa pili wa Amisi. Nilitaka kubakia na ile moja. Niliitia mu mufuko ya ndani ya koti, nikatembea nayo mpaka soko, nikarudi. Halafu nikakumbuka askari anaulizaka ya mwisho. Ndiyo hii. Nimeiweka juu.

Nimezishonea mufuko na kitambaa ile nyeusi ya harusi, ile ulijificha chini yake. Nyuzi nimepitisha mara mbili, maji haitaingia. Musiitie mu kopo tena. Chuma inakata.

Mu sanduku yenye natuma pamoja nazo utaona mashini ya mukono ya kushonea. Ni yako. Unajua kupiga pindo, na nilikufundisha kola, ingawa ya kwako inakaa upande. Bantu ya kwenu batarudia kuomba moto siku ingine, na nguo inapasukaka kila pahali. Shuka na sahani ni Habiba aliweka. Chumvi pia ni yeye.

Kama shemeji Chomba angali anasikia, mwalimu amusomee hapa mbele ya pahali pengine: mwambie Mzee karatasi zake zimefika, ziko zote, zimenyooka. Amuonyeshe ule askari karatasi ya juu. Aende.

Kama hasikie tena, muzirudishe ku mukono ya Mzee vile vile.

Amisi, fundi
bwana ya bibi mumoja. Ndivyo buku inasema.